Msimu wa Sandik

SEHEMU YA KWANZA

Mwandiko katika daftari la madeni la Habiba ulikuwa wa mtoto. Idris, mwanawe wa kwanza, alisoma darasa la pili, na kwa kuwa mama yake hakupata kuketi darasani, kazi ya kuandika ilikuwa yake. "Mwalimu Mkuu chai 3 anjera 6." "Askari mrefu chai 1 tangu Ijumaa." Habiba aliyajua yote kwa kichwa, lakini kila jioni alimtaka mtoto amsomee mstari baada ya mstari, naye akasahihisha pale kalamu ilipopunja shilingi.

Kibanda chake kilisimama Sangailu, kando ya barabara iendayo Hulugho: nguzo nne za mti, turubai juu, mafiga matatu chini. Alifanya biashara ya maziwa. Wafugaji walimletea maziwa ya ng'ombe asubuhi na jioni. Sehemu moja aliipikia chai ya askari, walimu na madereva. Iliyobaki aliimimina katika madumu ya manjano na kuyapakia kwenye lori la Masalani, makao makuu ya wilaya ya Ijara ya siku zile, ambako binamu yake aliyauza sokoni. Pesa zilirudi kwa dereva yuleyule, zimefungwa ndani ya nailoni pamoja na sukari na unga. Kwa pesa hizo aliwalipa wafugaji, akalisha nyumba, na kila Alhamisi akatoa shilingi mia mbili za ayuto, mchango wa zamu wa akina mama kumi na wawili. Zamu yake ya kupokea ilikuwa imebakiza wiki mbili. Shilingi elfu mbili na mia nne. Alikuwa ameshazipangia kila moja: mabati manne na sufuria kubwa ya pili.

Watoto alikuwa nao hapohapo kazini. Yusuf, wa miezi mitano, alibebwa mgongoni kwa garbasaa, shali ya mama yake, tangu jiko linawashwa mpaka jua linapopanda. Nimo, wa miaka minne, aliwekwa juu ya gunia la unga, pale ambapo moto haufiki lakini macho ya mama yanafika, akapewa punje za mahindi azihesabu. Idris akitoka dugsi, chuo cha Kurani, na loho kwapani alipitia kibandani kunywa chai na kuandika madeni ya asubuhi kabla kengele ya shule haijalia. Saa nne hivi Ayeyo, mama wa mume wake, alikuja kuwachukua wadogo. Macho yake yalikuwa yamefifia, na Habiba alimwachia watoto kwa moyo mmoja uliotulia na mwingine uliokuwa ukisikilizia kila kilio kutoka upande wa nyumbani. Dahir, mume wake, alikuwa mbali na ng'ombe, akiwatafutia miinuko ambako maji hayajatuama.

Mwaka ulikuwa 2006. Mvua za deyr, yaani vuli, zilianza Oktoba kama kawaida, kisha zikakataa kuisha. Udongo mweusi wa Ijara ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukilowa hushika gurudumu na hauliachii. Desemba ilipoingia hapakuwa na lori tena, si la kwenda wala la kuja. Madumu yalikaa yamejaa mpaka maziwa yakachacha. Sukari iliyosalia ikapimwa kwa kikombe, na bei yake ikapanda kila baada ya swala.

Kisha wakaja mbu. Hawakungoja usiku. Walitanda juu ya ng'ombe mchana kutwa, hata ngozi nyeupe ikaonekana ya kijivu, na wafugaji wakawa wanachoma samadi mbichi kuwafukuza kwa moshi. Habari zilizofika kibandani zilizidi kuwa mbaya. Kwa fulani mbuzi wametoa mimba zizi zima. Kwa fulani ndama wanakufa kabla hawajakauka manyoya.

Ayeyo alisikiliza yote kimya, kisha akauliza jambo moja tu.

"Je, wanatoka damu puani?"

Wazee waliokuwa wakinywa chai walitazamana. Mmoja akakohoa, akaweka kikombe chini.

"Mwaka wa El Nino ilianza hivihivi," akasema Ayeyo. "Mvua, kisha mbu, kisha mimba kutoka. Tuliiita sandik. Iliwamaliza mifugo, halafu ikatugeukia sisi."

Habiba aliukumbuka mwaka ule, 1997 kuelekea 1998. Alikuwa msichana. Alikumbuka makaburi mapya yakichimbwa katika matope, na wanaume wakilalamika kwamba shimo linajaa maji kabla maiti hajashushwa.

Jioni ile Abdi, mdogo wake Dahir, alikuja na maziwa. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyezoea kuanza utani kabla hajafika alipita bila kusema neno, akaweka dumu chini, akaegemea nguzo.

"Una nini, Abdi?"

"Kichwa, abayo. Na mgongo. Juzijuzi nilimvuta ndama aliyefia tumboni, nadhani nimechoka tu."

Habiba aligeuka kuchukua sufuria. Nyuma yake akasikia kijana anapiga chafya. Alipogeuka tena, Abdi alikuwa ameufunika uso kwa kiganja, na damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake, inadondoka juu ya mfuniko wa dumu, juu ya mkono wa dumu, juu ya matope.

Na dumu lilikuwa wazi. Kando yake alisimama Nimo na kikombe cha plastiki. Kilikuwa kitupu, na mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kwa povu la maziwa mabichi.

SEHEMU YA PILI

Habiba alimtia Nimo kidole kooni. Mtoto alilia, akatapika kidogo, akalia zaidi. Yusuf mgongoni akaamka, naye akajiunga. Idris alisimama na kalamu mkononi asijue aandike nini.

"Usimguse amu yako," mama akamwambia. "Mkimbilie Daktari."

Aliyeitwa Daktari alikuwa nesi wa zahanati, mgeni aliyetokea nchi za juu, mwenye Kiswahili cha harakaharaka na moyo wa subira. Alikuja na glavu zake, akamlaza Abdi, akauliza maswali. Alipofikia ndama aliyefia tumboni aliacha kuandika.

"Ulimvuta kwa mikono mitupu?"

"Kwa nini basi, Daktari? Tunamvuta hivyo siku zote."

Nesi hakuwa na maabara. Alikuwa na redio ya askari, na kupitia redio hiyo alituma habari Masalani na Garissa. Hakujua kwamba vituo vingine vya Mkoa wa Kaskazini Mashariki vilikuwa vinatuma habari zinazofanana. Desemba hiyohiyo jibu lilipatikana Nairobi: kati ya sampuli 19 zilizopimwa, 10 zilionyesha homa ya Bonde la Ufa. Usiku ule wanaume walikizunguka kiredio cha Mzee Haji kusikiliza idhaa ya Kisomali ya BBC, na lile jina refu lilipotajwa Ayeyo akasema kutoka gizani, "Ni sandik. Iiteni mnavyotaka."

Asubuhi yake hakuna aliyekuja kunywa chai.

Habiba alikaa mbele ya sufuria iliyokuwa ikichemka, Yusuf mgongoni, Nimo juu ya gunia. Kila baada ya muda alimwita binti yake amguse paji la uso. Halikuwa na joto. Kwa hilo alishukuru. Lakini maziwa yaliendelea kuja, maana ng'ombe aliyesalimika hukamuliwa awe na mnunuzi au asiwe naye. Wanawake wawili wa ayuto walifika na vibuyu vyao, wakakaa chini, wakaviweka mbele yake kimya. Alijua watoto wao kwa majina. Alijua pia kwamba asiponunua, Alhamisi hawatakuwa na shilingi mia mbili, na wao wasipotoa, zamu yake ni jina tupu.

Alichukua vibuyu akaenda navyo zahanati.

"Daktari, niambie kama unavyomwambia dada yako. Maziwa haya ni sumu?"

Nesi alivua miwani. "Mabichi ndiyo ya kuogopa. Ugonjwa huu unaingia kwa mbu, na kwa damu: kuchinja, kuchuna, kuzalisha mnyama, kushika mimba iliyotoka. Maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa tusiyaamini. Lakini moto unaviua virusi. Maziwa yaliyochemka sawasawa, kunywa."

"Na samli?"

"Samli inapikwa?"

"Inapikwa mpaka inanyamaza."

"Basi nayo umeipitisha motoni. Ila anayesukasuka maziwa asiyaonje, na asiyashike akiwa na kidonda."

Habiba alirudi kibandani akitembea haraka. Siku zote samli ilikuwa kitu cha nyumbani, cha kuweka akiba mwezi wa mvua nyingi na kula jilaal, yaani kiangazi, ng'ombe wanapokauka. Haiozi upesi. Haihitaji lori la kesho, inaweza kungoja lori la mwezi ujao. Maziwa yote yanayomwagwa Sangailu yangeweza kukaa ndani ya madumu yakiwa samli yakingojea barabara ikauke, na Masalani ingeyanunua kwa bei nzuri kuliko maziwa yenyewe. Mimi ninayesimulia nimeona biashara nyingi za wanawake zikianza kwa mtaji wa benki na kufa, na nyingine zikianza kwa kitu kilichokuwa kinamwagwa. Hizi za pili nina imani nazo zaidi.

Alhamisi ilipofika, akina mama wa ayuto walikutana chini ya turubai. Eedo Halima, mshika hazina, alikuwa wa kwanza kusema.

"Mama Idris, zamu ni yako, na hakuna atakayekunyang'anya. Lakini tazama. Wanne hawana kitu mikononi. Tusimamishe mpaka mvua iishe."

"Nipeni kilichopo," akasema Habiba, "na wasio na pesa wanipe maziwa. Yote. Nitanunua kuni kavu kwa yeyote aliyenazo chini ya dari yake, na tutapika samli hapa, wote wakiona. Lori likifika tunauza, tunagawana."

"Na nani atainunua, watu wakisikia imetoka Sangailu?"

Habiba hakuwa na jibu la hilo. Alilokuwa nalo ni chai. Alichota kikombe kutoka kwenye maziwa yaliyofurika mara tatu mbele ya macho yao, akanywa chote. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama barabarani, akaingia, akaketi mahali pake pa siku zote.

"Nipe na mimi. Idris, andika."

Mmoja baada ya mwingine wanawake wakaitikia. Zilipatikana shilingi elfu moja na mia sita, na ahadi ya maziwa ya nyumba nne. Mabati na sufuria alivisamehe. Usiku ule alilala akiwa amechoka, kuni zimepangwa ndani ya nyumba, Yusuf kifuani, Idris upande wa ukuta.

Alipomnyooshea Nimo mkono katika giza ili amvute karibu, aliurudisha haraka. Mwili wa mtoto ulikuwa unawaka.

SEHEMU YA TATU

"Siku ngapi tangu alipokunywa?" nesi akauliza.

"Nne."

Nesi alihesabu moyoni, na Habiba akaona kwamba hesabu yake haikumpendeza. Aliinua kope za Nimo, akatazama ufizi, akaminya tumbo. Hakukuwa na damu popote. Huenda ni malaria, akasema. Kwa mbu hawa kila mtoto wa Sangailu anastahili kuwa nayo. Akampa Coartem, dawa iliyokuwa ndiyo kwanza inasambazwa nchini mwaka ule, akaagiza anyweshwe maji kila mara.

"Nimpeleke Garissa?"

"Kwa barabara gani, Mama Idris?"

Siku tatu zilizofuata Habiba aliishi katika nafasi mbili zilizotenganishwa na hatua chache. Mchana alisimamia mafiga, kwa kuwa moto wa samli haungoji: ukizidi inaungua, ukipungua inabaki na maji na itaharibika. Kila chungu kiliponyamaza alikimbia zahanati, akalowesha midomo ya Nimo, akamnyonyesha Yusuf akiwa amesimama, akarudi. Ayeyo alihamia kitandani kwa mjukuu wake na hakuondoka hata kula. Akina mama wa ayuto walipanga zamu zao wenyewe bila kuulizwa: mmoja kuni, mmoja kusuka maziwa, mmoja watoto wa wote. Idris aliandika kila kibuyu na jina la mwenyewe. Daftari la madeni likageuka la hisa, ingawa yeye aliandika juu yake "SAMLI" tu, kwa herufi kubwa.

Kwenye kitanda cha pili cha zahanati alilala Abdi. Damu ilikuwa imekoma. Homa ilikuwa imeshuka. Lakini asubuhi moja alinyoosha mkono kushika kikombe akakikosa, akajaribu tena, akacheka kwa aibu.

"Abayo, mbona umekaa ndani ya ukungu?"

Nesi alisikia. Alitoka nje akasimama kwa muda akiwa ameupa ukuta mgongo. Alijua kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huu unapopita huacha alama katika macho, na kwamba wengine huona tena na wengine hawaoni.

Ndipo ndege ilipokuja. Helikopta ilishuka uwanja wa shule, na watoto wote waliokuwa na nguvu za kukimbia wakakimbia. Watu wawili waliovaa mavazi meupe mpaka shingoni walimtoa damu Abdi, wakamtoa na Nimo, ambaye alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Waliandika majina, wakafunga vichupa katika sanduku la barafu. Majibu yatakuja kwa redio, wakasema. Kabla ya kuondoka walizungumza na chifu, na jioni chifu aliita baraza.

Amri ilikuwa hii: mifugo isihamishwe, na asichinje mtu. Soko la mifugo la Garissa limefungwa.

Minong'ono ilianza kabla hajamaliza. Idi ya kuchinja ilikuwa imebakiza siku chache. Mzee mmoja alisimama akauliza serikali tangu lini inaamrisha ibada. Maalim wa msikiti alimwacha amalize, kisha akasimama yeye.

"Adeer, mnyama wa Idi ana sharti. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko wazi hafai. Kipofu hafai. Kilema hafai. Leo nani kati yetu anaweza kuapa kwamba ng'ombe wake ni mzima? Aliyeweka nia, Mwenyezi Mungu ameiona nia yake."

Watu waliondoka wakibishana, lakini hawakubisha tena kwa sauti. Visu vilibaki ndani ya ala zake. Wale tu waliokuwa mbali na mji, kwenye miinuko, hawakuisikia amri wala hawakumsikia maalim.

Asubuhi ya Idi Sangailu iliswali kiwanjani chini ya mawingu mazito. Habiba aliwavalisha Idris kanzu na Yusuf kofia ndogo, akamwachia Idris aende nyumbani na watoto wa jirani, yeye akaenda zahanati moja kwa moja. Nimo alikuwa amefumbua macho. Aliomba maji kwa jina lake, na Habiba alipomnywesha mikono yake ilitetemeka hata nusu ikamwagika. Joto bado lilikuwepo. Lakini alikuwa ameomba maji.

Askari mrefu, yule wa chai moja tangu Ijumaa, alitokea mlangoni akihema.

"Mama Idris! Garissa wako hewani. Wana majibu. Daktari yuko pale tayari."

Alimwachia Ayeyo mtoto, akamfunga Yusuf vizuri mgongoni, akamfuata askari mpaka kambini. Katika chumba cha redio nesi alikuwa ameinama na kalamu juu ya karatasi, kidole kimoja sikioni kuzuia kelele za nje. Sauti kutoka Garissa ilikuja na kupotea, ikamezwa na mkwaruzo.

"...sampuli mbili za Sangailu... nasoma... ya kwanza, mwanamume, umri miaka kumi na tisa, imeonyesha virusi. Narudia, imeonyesha. Umepata?"

"Nimepata," akasema nesi. "Endelea na ya pili."

Mkwaruzo ukapanda. Nesi akageuza kifundo, akapiga redio kwa kiganja. Habiba alishika ukingo wa meza.

"Hooyo!"

Idris alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekimbia njia yote kutoka nyumbani, na uso wake wote ulikuwa furaha.

"Hooyo, abo amerudi! Baba amefika sasa hivi na wale ng'ombe! Mmoja alikuwa hawezi kusimama, abo akasema tumuwahi kabla hajafa, akaniambia nimshike miguu, nimekuwa mwanamume!"

Akainua mikono yake ili mama aione. Kanzu mpya ya Idi ilikuwa nyekundu mpaka viwikoni, na kwenye kiganja cha kulia, pale alipojikwaruza na kisu, kidonda kipya kilikuwa wazi.

Nyuma ya Habiba sauti ya Garissa ikarudi, safari hii safi kabisa.

"Sangailu, mnanisikia? Sampuli ya pili. Mtoto wa kike, miaka minne..."

ITAENDELEA WIKI IJAYO